Kusafirisha Hiace Isiyotembea Kutoka Dar es Salaam Hadi Makambako: Mwongozo Kamili

Wanunuzi wa Hiace za bei nafuu jijini Dar es Salaam, hasa zile zenye injini iliyokufa au zilizokaa uani muda mrefu bila bima, wamekuwa wakirudi na malalamiko yaleyale. Gari lilinunuliwa likiwa na giaboksi nzima, likavutwa hadi nyumbani, na lilipowekewa injini nyingine halikushika gia. Mwingine kamba yake ilikatikia mlimani. Mwingine alipokea gari lililofika salama, ila redio, spea na vioo vya pembeni vilikuwa vimeishia njiani. Karibu kila tatizo kati ya hayo lilianzia kwa muuzaji, kabla gurudumu halijazunguka, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kuondoka.

Mfano unaotumika hapa ni Toyota Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, inayopelekwa Makambako kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, safari ya zaidi ya kilomita 600. Anayekwenda Songea, Tabora au Mwanza atafuata hatua zilezile, akibadilisha tu orodha ya miteremko na vituo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya siku ya safari

- Mikanda minne au zaidi ya kufungia mzigo, yenye racheti, kila mmoja ukiwa na lebo inayoonyesha uwezo wa tani 2 au zaidi. Mkanda usio na lebo au uliochanika pembeni usiuhesabu.
- Kabari nne za mbao ngumu, pamoja na misumari mirefu ya kuzipigilia kwenye sakafu ya lori.
- Jeki, spana ya magurudumu, pampu ya upepo na spea yenye upepo.
- Spana za kufungulia propela, yaani shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Kwenye Hiace nyingi ni namba 14, ingawa baadhi hutumia 17, kwa hiyo beba zote mbili.
- Rangi au kalamu ya kuwekea alama, waya laini, mifuko ya plastiki na mipira ya kufungia.
- Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, tochi na glavu.
- Taa za nyuma za kubandika, zenye waya mrefu, ikiwa gari litavutwa badala ya kubebwa.
- Kadi ya gari, mkataba wa mauziano na nakala zake.

## Hatua ya 1: Linganisha gari na karatasi zake

Soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati peke yake, kisha uilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Linganisha pia jina lililo kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Ikiwa majina hayafanani, dai mikataba yote ya katikati inayoonyesha jinsi gari lilivyotoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mkataba wako usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini. Kama injini haipo, mkataba uandike hivyo waziwazi.

Angalia pia kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kama namba hiyo ya gari inadaiwa faini. Deni likikutwa, lilipwe na muuzaji kabla hujakabidhi fedha zote.

Sababu ya ukali huu ni kwamba gari lisilotembea, likiwa juu ya lori la mtu mwingine usiku au alfajiri, huvuta macho ya askari kuliko gari linaloendeshwa. Dereva wa lori hatakuwa na la kujibu zaidi ya karatasi ulizompa. Mpe nakala, nawe ubaki na kadi halisi.

Kabla ya kuondoka uani piga picha za gari pande zote nne, ndani, dashibodi, vioo na matairi. Kisha ng'oa kila kinachong'oka kwa mkono na kisichohitajika safarini: redio, spea iliyo chini ya gari, jeki, vikombe vya rimu, betri. Safiri navyo wewe au vitume kwa basi kama kifurushi.

## Hatua ya 2: Amua kama gari litabebwa au litavutwa

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa huanza na swali la bei badala ya swali la giaboksi.

Katika giaboksi ya otomatiki, pampu inayosambaza oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya nyuma yakiwa barabarani, propela huzungusha shafti ya nyuma ya giaboksi huku oili ikiwa imetulia chini. Kilomita chache kwa mwendo mdogo giaboksi inaweza kuvumilia, lakini kufika Morogoro tu ni karibu kilomita 200, na hapo hakuna kuvumilia tena.

Mafundi wengi watakuambia kwamba gia za mkono hazina tatizo hilo ukiliweka gari nyutro. Si kweli kwa safari ndefu. Katika giaboksi nyingi za aina hiyo, oili hurushwa na gia za shafti ya chini, na shafti hiyo huzungushwa kutoka upande wa injini. Gari likivutwa likiwa nyutro, shafti kuu inazunguka ndani ya gia zilizosimama, na beringi zake hukauka taratibu bila sauti yoyote ya kukuonya. Utakuja kuisikia baada ya kuweka injini, wakati muuzaji hapokei simu tena.

Njia zilizopo ni hizi, kwa mpangilio wa ubora.

Kubebwa zima juu ya lori. Hakuna gurudumu linalogusa barabara, kwa hiyo giaboksi, difu (gia za ekseli ya nyuma), beringi na matairi vyote vinapumzika. Malori yanayoleta mbao kutoka Mafinga na viazi kutoka Njombe hushusha Dar es Salaam na kutafuta mzigo wa kurudi nao, na mwenye lori asiyetaka kurudi mtupu hukubali bei ambayo brekidauni (gari la kuvutia magari mabovu) ya kukodi haiwezi kuifikia. Muulizie kwenye masoko na yadi za mbao wanakoshusha. Kwa maoni yangu, asiyejaribu njia hii kwanza anatupa fedha zake.

Pima kabla ya kukubaliana. Hiace ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, wakati ile ndefu na pana hufikia mita 5.38 kwa 1.88. Sakafu ya Fuso ndefu huichukua bila shida, lakini Canter fupi inaweza kuacha sehemu ya nyuma ikining'inia, na hilo likataliwe.

Kuinuliwa upande mmoja na brekidauni. Kwa Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ni bora nyuma ndiyo iinuliwe. Usukani ufungwe kwa mkanda ukiwa umenyooka, usitegemee kufuli la ufunguo peke yake, maana kazi yake ni kuzuia mwizi na si kushikilia magurudumu kwa mamia ya kilomita. Ikiwa brekidauni inaweza kuinua mbele tu, propela ni lazima ing'olewe. Hiace inayosukumwa na magurudumu yote manne isivutwe kwa namna hii kabisa; ibebwe zima.

Kuvutwa kwa chuma kigumu, mtu akiwa kwenye usukani. Hii ni ya kutoka mtaa hadi mtaa. Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako ni kumchosha na kumhatarisha binadamu anayeshika usukani mzito na breki ngumu kwa siku nzima.

Kamba. Itumike kulitoa gari uani hadi lilipo lori, basi.

## Hatua ya 3: Andikianeni na mwenye lori

Makubaliano ya mdomo huvunjika mahali pamoja tu: lori likishafika na kushusha. Andikeni bei ya safari nzima, si bei kwa kilomita, na mtaje waziwazi nani analipia kupakia, kushusha, ulinzi wa usiku na siku za kusubiri. Andikeni pia nani anabeba hasara gari likianguka au likigongwa, kwa kuwa bima ya lori haimaanishi kwamba mzigo uliomo una bima.

Lipa sehemu mwanzoni na sehemu iliyobaki baada ya kushusha na kulinganisha gari na picha zako. Dereva anayedai fedha zote kabla ya kufunga mkanda wa kwanza mwache aende.

## Hatua ya 4: Andaa gari lenyewe

Jaza upepo kwenye matairi yote manne hata kama gari litabebwa, kwa sababu tairi lililolegea huminywa na mkanda, mkanda nao hulegea. Punguza mafuta kwenye tangi, funga kifuniko chake, na ufute oili iliyomwagika chini ya injini ili isimwagikie sakafu ya lori, ambapo gurudumu litakaa juu ya utelezi. Hakikisha mlango wa kuteleza na mlango wa nyuma vimefungwa kwa ufunguo, kisha uufunge mlango wa kuteleza kwa waya kutoka ndani. Mlango wa Hiace iliyochoka hufunguka wenyewe kwenye matuta.

### Kung'oa propela

Kazi hii inamhusu yule tu ambaye magurudumu ya nyuma ya gari lake yatagusa barabara. Kama gari litabebwa zima, acha propela mahali pake: kwenye otomatiki, kuweka P hulizuia gari kupitia propela hiyohiyo, na ukiing'oa P inabaki alama tu kwenye dashibodi.

Lizuie gari kwa kabari mbele na nyuma kabla ya kuingia chini. Weka mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka flenji (sahani yenye matundu ya bolti) ya propela hadi flenji ya difu, ili irudi katika nafasi ileile. Propela iliyogeuzwa hutetemesha gari zima likifika mwendo wa barabara kuu. Fungua bolti nne za upande wa difu. Kwenye Hiace ndefu, ambayo propela yake ina vipande viwili, fungua pia bolti za senta beringi iliyoshikwa kwenye chasisi, huku mwenzako akiishikilia isikuangukie kifuani.

Sasa vuta propela kuelekea nyuma hadi itoke kwenye giaboksi. Oili itaanza kuchuruzika pale ilipochomoka, na hilo ni jambo la kawaida. Ziba tundu kwa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara kadhaa na uukaze kwa mpira. Rudisha bolti kwenye flenji ya difu kwa vidole, zisipotee, na uifunge propela ndani ya gari kwa waya.

Fundi anayekuambia aifungue upande wa difu tu na kuining'iniza kwa waya mkataeni wewe na dereva. Waya ukikatika, propela inachimba lami.

Umefaulu ikiwa magurudumu ya nyuma, yakiwa yameinuliwa kwa jeki, yanazunguka kwa mkono bila mkwaruzo na bila kutikisika. Gurudumu linalokwaruza lina breki iliyoganda au beringi iliyokufa, na litengenezwe hapo hapo. Angalia pia kimo cha oili ya difu, kwa sababu difu itaendelea kufanya kazi njia nzima.

## Hatua ya 5: Pakia

Mahali pazuri pa kupakilia ni penye tuta la udongo lililosawa na sakafu ya lori. Mbao za kuegesha ni hatari kwa gari lenye uzito unaokaribia tani 2. Kama hakuna tuta, tumia reli za chuma zenye ndoano zinazoshika sakafu, na lori liwekewe kabari pia.

Anayekaa kwenye usukani aelezwe mambo mawili. Kwanza, ufunguo uwe umefunguliwa ili usukani usijifunge. Pili, nguvu inayosaidia breki hutokana na injini, kwa hiyo pedali itakuwa ngumu kama jiwe na ataikanyaga kwa mguu mzima, hata kwa miguu yote miwili. Wanaosukuma wakae pembeni ya kona za nyuma, kamwe wasikae katikati nyuma ya gari. Mtu mmoja afuate gurudumu la nyuma na kabari mkononi, akiisogeza kila gari linapopanda.

Liingize likiangalia mbele. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, hivyo uzito mkubwa utakaa kuelekea kichwa cha lori badala ya kuelemea mkia wake, na upepo hautapenya kwenye mipira ya kioo cha nyuma na milango.

## Hatua ya 6: Funga

Vuta handibreki, kisha weka P au gia ya kwanza. Ikiwa injini imeshang'olewa kwenye gari la gia za mkono, gia hiyo haizuii chochote, kwa hiyo usiitegemee. Pigilia kabari mbele na nyuma ya magurudumu.

Mikanda miwili ya mbele ivute gari kuelekea mbele, miwili ya nyuma ilivute kuelekea nyuma. Kila jozi ina kazi yake. Lori likipanda mlima Kitonga, gari linataka kurudi nyuma, na inayolishikilia wakati huo ni jozi ya mbele. Likiteremka vilima vya Iyovi kuelekea Ruaha Mbuyuni, jozi ya nyuma ndiyo inayobeba. Anayefunga mikanda yote upande mmoja amelifunga gari kwa nusu ya safari.

Funga kwenye magurudumu au ekseli, usifunge kwenye chasisi wala bampa. Gari lililofungwa kwa chasisi hunesa juu ya springi zake kwenye kila tuta, mkanda unalegea linaposhuka na kukazwa ghafla linapopanda, hadi ndoano inachomoka. Nyuma, pitisha mkanda kwenye bomba la ekseli ukiangalia usibane bomba dogo la breki linalopita juu yake wala kebo ya handibreki. Mbele, pitisha juu ya tairi au kwenye matundu ya rimu, tairodi (fimbo inayogeuza magurudumu ya mbele) isiguswe. Mahali mkanda unapogusa ukingo wa chuma, weka kipande cha mpira wa tairi.

Ukimaliza, lisukume gari kwa bega kutoka ubavuni. Litanesa juu ya springi, lakini matairi yasisogee hata kidogo. Mkanda uliokazwa vizuri, ukiupiga kwa kiganja, hutoa mlio. Unaotikisika kimya haujakazwa.

## Hatua ya 7: Barabarani

Ondokeni alfajiri na mpange kulala penye taa na mlinzi. Kituo cha kwanza kiwe ndani ya kilomita 15 za mwanzo, hata kama dereva atanung'unika, kwa kuwa mikanda yote hulegea katika mtikisiko wa mwanzo. Baada ya hapo kagueni Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa na Mafinga.

Lori linalozidi tani 3.5 litaingia kwenye mizani za TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, kama ile ya Vigwaza na ile ya Wenda baada ya Iringa. Uzito wa Hiace moja hautaleta shida kwa lori lisilo na mzigo mwingine. Dereva akiongeza shehena njiani bila kukuambia, mambo yanabadilika, na muda unaopotea kwenye mizani ni wako.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna matuta na mabango ya mwendo. Yafuateni: mnyama akigongwa faini ipo, na breki ya ghafla ndiyo mtihani mbaya kuliko yote kwa mikanda yenu.

Simameni Ruaha Mbuyuni kwa lazima, si kwa hiari. Kagueni jozi ya mbele ya mikanda na kabari za nyuma, mwacheni dereva aache injini ya lori ipoe, halafu ndipo mwanze kupanda Kitonga kwa gia ndogo, bila kujaribu kuyapita malori yaliyo mbele kwenye kona.

Kwa anayevutwa na brekidauni, kila kituo ni cha kugusa habu za magurudumu yaliyo barabarani kwa nyuma ya kiganja. Joto la kawaida linavumilika. Habu inayokufanya uondoe mkono haraka ina beringi inayokufa au breki inayoshika, na safari isimame hapo.

## Hatua ya 8: Shusha na urudishe kila kitu

Lori lisimame mahali tambarare, au kichwa chake kikiwa chini kidogo. Kabari hutolewa mwisho. Legeza mkanda mmoja mmoja, mtu akiwa ameshaketi kwenye usukani na mguu kwenye breki, kwa sababu mkanda wa mwisho ndio unaofichua kama handibreki ilikuwa inashika. Linganisha gari na picha kabla ya kulipa kilichobaki.

Aliyeng'oa propela aisafishe, apake grisi kidogo kwenye meno ya sehemu inayoingia giaboksi, aiingize bila kukwaruza sili (mpira unaozuia oili isivuje), alinganishe mistari ya rangi na akaze bolti nne kwa mpishano. Oili iliyochuruzika irudishwe ya aina ileile hadi kimo chake. Ukiipima otomatiki, subiri hadi injini iwashwe na ipate joto. Baada ya kilomita chache za kwanza ingia tena chini ya gari na tochi, uangalie bolti hizo na sili ya nyuma ya giaboksi. Ikiwa sili bado inadondosha oili baada ya kufutwa, ibadilishe kabla ya kuipeleka Hiace kwenye kazi ya abiria.